Vikombe Vilivyomficha Nahodha

Katika barua tulizoletewa kwa ajili ya ukurasa huu imo moja tuliyoisoma mara mbili. Mwandishi wake ni mama wa watoto wanne. Anasema mume wake hunywa kila jioni, na Jumamosi huanza mchana. Lakini hajakosa kazini hata siku moja. Mshahara unaletwa nyumbani, karo inalipwa, na mwaka uliopita alipewa cheti cha mfanyakazi hodari. Mama anauliza: "Mtu wa namna hii naye aitwe mlevi, au ni mimi tu mwenye moyo wa lawama?" Chini kabisa, baada ya jina lake, ameongeza kwamba mumewe ni mpenzi wa Arsenal na hataki kusemeshwa mpira unapochezwa.

Hayo maneno ya chini ndiyo yaliyotupa njia ya kumjibu. Timu hiyo ya London iliwahi kuwa na nahodha ambaye naye hakuonekana kukosa kitu kazini, wala hakukosa vyeti. Jina lake ni Tony Adams. Waume zetu na wana wetu wanamfahamu kwa mabao na vikombe. Sisi wauguzi tunapenda akina mama nao wamfahamu, ila kwa upande mwingine.

Adams alizaliwa tarehe 10 Oktoba 1966 huko Romford, mashariki ya London. Alijiunga na Arsenal mwaka 1980 akiwa bado mvulana wa shule, na mwezi wa Novemba 1983, akiwa na miaka 17, akacheza mechi yake ya kwanza na wakubwa. Tangu hapo hadi alipostaafu mwaka 2002 hakuchezea klabu nyingine yoyote. Alikuwa beki wa kati. Kwa wale ambao kwao mpira ni kelele za sebuleni tu, beki wa kati ni yule anayesimama mbele ya kipa kuwazuia wafungaji wa upande wa pili, na kazi yake haina utani: ni kuruka, kugongana vichwa, kuanguka na kuinuka. Mwaka 1987 aliitwa timu ya taifa ya Uingereza, na mwaka huohuo wachezaji wenzake wa ligi walimchagua kuwa mchezaji bora kijana. Tarehe 1 Januari 1988 Arsenal ilimpa unahodha. Alikuwa na miaka 21. Unahodha huo aliushika miaka 14.

Alikuwa mtu wa moyo mgumu, hilo hatumnyimi. Mwezi wa Aprili 1989, ugenini kwa Manchester United, alifunga bao upande wa wapinzani, kisha akajifunga mwenyewe. Gazeti moja likachapa picha yake likiwa limemchorea masikio ya punda. Tangu siku hiyo, kila alipokwenda kucheza ugenini, watu walimlilia kama punda na kumtupia karoti. Majuma machache baadaye, tarehe 26 Mei 1989, Arsenal ilikwenda Liverpool kwa mechi ya mwisho ya ligi. Ilitakiwa kushinda kwa tofauti ya mabao mawili, tena katika uwanja ambao wengi walisema haiwezekani. Bao la pili lilipatikana dakika za nyongeza, na huyo aliyeitwa punda akanyanyua kikombe.

Sasa tuje nyuma ya pazia.

Lugha yetu ina mzaha wake. Klabu ya mpira na kilabu cha pombe ni neno moja, tumelitofautisha kwa irabu moja tu. Arsenal ya miaka ile irabu hiyo ilikuwa nyembamba sana. Wachezaji walikuwa na siku yao ya kunywa, Jumanne baada ya mazoezi, kwa sababu Jumatano ilikuwa mapumziko. Walijiita Klabu ya Jumanne. Mwajiri aliona nini? Aliona vijana wanaopendana, wanaocheka pamoja, na wanaoshinda Jumamosi. Hakuna aliyeona ugonjwa. Na kweli, wengi wao walipostaafu waliweza kuiacha pombe au kuipunguza bila shida kubwa. Adams hakuweza. Watu kumi wanaweza kukaa meza moja kwa miaka mitano, na mmoja wao tu akanaswa. Sababu moja ni ya kurithi, sababu nyingine ni za maisha, na kwa sura huwezi kumtambua mapema yupi atanaswa.

Tarehe 6 Mei 1990, huko Rayleigh, Adams aligonga ukuta na gari lake. Walipompima damu walikuta pombe zaidi ya mara nne ya kiwango ambacho sheria ya Uingereza inamruhusu dereva. Mwezi huohuo ilitangazwa timu ya Kombe la Dunia la Italia, naye hakuwemo. Tarehe 19 Desemba alihukumiwa kifungo cha miezi minne, na akakaa jela ya Chelmsford kama miezi miwili, hadi katikati ya Februari 1991. Msimu ule Arsenal ilipoteza mechi moja tu katika ligi nzima, na ilikuwa mwezi huo wa Februari, nahodha akiwa jela. Alipotoka alirudishiwa kitambaa cha unahodha, na mwezi wa Mei alinyanyua tena kombe la ligi.

Tafadhali tusimame hapo kidogo. Kuna akina mama wengi wanaosema, "Siku akipata funzo kubwa ataacha." Wanangoja ajali. Wanangoja afukuzwe kazi, au alale mahabusu usiku mmoja. Huyu bwana alipata ajali, akakosa Kombe la Dunia, akafungwa, na jina lake likaandikwa katika magazeti yote ya nchi. Alitoka jela akaendelea kunywa kwa miaka mitano na nusu zaidi. Adhabu inaweza kumtia mtu hofu. Haimtibu.

Nani alikuwa anamfunika? Kwanza, mwili wake mwenyewe. Kijana wa miaka 24 anayefanya mazoezi kila siku ana moyo na ini vinavyostahimili mengi. Adams alieleza baadaye kwamba alikuwa anavaa mifuko ya plastiki ya takataka chini ya nguo za mazoezi ili atoe pombe kwa jasho. Akina mama, jasho halitoi pombe mwilini, labda tone tu. Wala kahawa, wala maji baridi ya kuoga, wala supu ya asubuhi. Pombe husagwa na ini, nalo ini lina mwendo wake, haliharakishwi. Chupa moja ya bia ya nusu lita huchukua kama saa mbili hadi tatu kuisha. Mtu aliyemaliza chupa nne saa nne za usiku bado ana pombe katika damu anapoingia ndani ya gari saa kumi na mbili asubuhi kumpeleka mtoto shule. Jasho lililomtoka Adams lilimpunguzia maji tu, akacheza akiwa mkavu. Aliwahi hata kukiri kwamba kuna mechi aliyoicheza akiwa amelewa.

Wa pili waliomfunika ni wale waliofaidika naye. Ligi mwaka 1989 na 1991. Kombe la F.A. na Kombe la Ligi mwaka 1993. Kombe la Washindi la Ulaya mwaka 1994, huko Copenhagen. Nani atamwambia mtu wa namna hiyo kwamba ni mgonjwa? Mwaka ule wa 1993 alianguka ngazi kwenye jumba la starehe usiku, akashonwa nyuzi 29 kichwani. Jeraha likapona, akarudi uwanjani.

Nyuzi 29! Sisi tunaokaa chumba cha majeraha tunajua maana yake. Tunajua pia maneno yanayokuja pamoja na jeraha kama hilo. "Aliteleza bafuni, sista." "Alijigonga mlango." Aliyeanguka amelala kimya, harufu imejaa chumba kizima, na mke wake ndiye anayesema, huku anatazama sakafu. Hatumcheki, wala hatumlaumu. Anamlinda baba wa watoto wake, anailinda kodi ya nyumba, analinda kiti chake katika kikundi cha akina mama. Ni yeye pia aliyepiga simu ofisini asubuhi kusema bwana ana malaria. Malaria inasingiziwa mengi nchini kwetu.

Kwa hiyo tumjibu mama wa barua. Hapana, si moyo wa lawama. Ulevi haupimwi kwa siku ambazo mtu hakwenda kazini. Kazi aghalabu ndiyo kitu cha mwisho kuharibika, kwa sababu mlevi huishikilia kwa nguvu zake zote: inampa fedha, na inampa hoja ya kusema hana tatizo. Nyumba huharibika kwanza. Sisi hupima kwa maswali mengine. Je, akishaanza anaweza kuishia pale aliposema ataishia? Je, kiasi kilichomtosha miaka mitatu iliyopita bado kinamtosha? Mikono inatetemeka asubuhi, na chupa ya kwanza inaituliza? Je, anaendelea ingawa ameshaona madhara kwa macho yake? Watu wetu humsifu mwanamume "anayebeba pombe", anayekunywa wenzake wakalala naye akarudi amesimama wima. Kwa mwuguzi hiyo si sifa. Ni dalili kwamba ubongo umeshazoea sumu na sasa unaidai. Adams ameandika bila kuona haya kwamba ilifika mahali akawa anakojoa kitandani, na huyo alikuwa nahodha wa Arsenal. Ukiwa unafua mashuka ya mtu mzima kwa siri, mama, fahamu kwamba hauko peke yako, na fahamu kwamba hilo ni jambo la kumweleza daktari.

Mtu wa kwanza kusema wazi katika timu ile hakuwa Adams. Alikuwa Paul Merson, mshambuliaji, ambaye mwezi wa Novemba 1994 alijitokeza hadharani akakiri kwamba amefungwa na pombe, kokeni na kamari, akaenda kutibiwa. Nahodha wake aliyaona yote hayo kwa karibu. Hakuacha. Tunataja jambo hili kwa sababu wapo wanaodhani kwamba mlevi akimwona mwenzake amepona atashawishika siku hiyohiyo. Mbegu hukaa ardhini muda wake.

Mwaka 1996 Uingereza iliandaa mashindano ya mataifa ya Ulaya, na Adams alikuwa nahodha wa taifa lake katika uwanja wa Wembley. Tarehe 26 Juni walitolewa na Ujerumani katika nusu fainali kwa mikwaju ya penalti. Mashindano yalikuwa yamemshika. Yalipokwisha, hakuna kilichomshika tena. Alikunywa majuma saba. Chupa ya mwisho ilikuwa Ijumaa, tarehe 16 Agosti 1996, siku moja kabla ya ligi kufunguliwa. Tarehe hiyo anaitaja yeye mwenyewe mpaka leo, kama sisi tunavyotaja siku mtoto alipozaliwa.

Kilichofuata ni kitu kidogo sana kwa kukitazama. Alikwenda kwenye mkutano wa Alcoholics Anonymous, chama cha walevi wanaosaidiana kuacha, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1935. Huko hakuna ada wala fomu ya kujaza, wala hakuna mtu wa kukuhubiria kutoka juu. Watu wanakaa kwenye viti, mmoja anasema jina lake la kwanza na kwamba yeye ni mlevi, kisha anaeleza. Wengine wanasikiliza kwa sababu wametoka hukohuko. Mwezi wa Septemba Adams aliwakusanya wachezaji wenzake akawaambia maneno yaleyale, kisha akayasema kwa nchi nzima. Majuma machache baadaye alifika kocha mpya kutoka Ufaransa, Arsène Wenger, akabadili chakula cha wachezaji: kuku wa kuchemsha, mboga za mvuke, maji mengi. Wanaume wengi wanapenda kusimulia kwamba Wenger ndiye aliyemponya Adams kwa mboga. Wenger alimsaidia sana, na miaka yake ya mwisho uwanjani ni matunda ya utunzaji ule. Lakini alimkuta ameshaacha. Adams alikuwa ameacha kabla kocha hajashuka kwenye ndege.

Hapa lazima tuseme jambo la uuguzi, na tunaomba lisomwe polepole. Mtu anayekunywa sana kila siku asizuiwe pombe ghafla nyumbani bila ushauri wa daktari. Wapo wanaomfungia mume chumbani siku tatu wakidhani wanamtendea wema. Kati ya saa 6 na 24 baada ya kinywaji cha mwisho mtetemeko huanza, jasho, moyo kwenda mbio, kutapika. Katika siku mbili za mwanzo anaweza kupata kifafa ingawa hajawahi kuwa nacho maishani. Siku ya pili hadi ya nne wengine huanza kuweweseka, wanaona wadudu ukutani, wanaongea na watu wasiokuwepo, homa inapanda. Watu husema amerogwa, au ana mapepo. Huo ni ugonjwa wa kukatishwa pombe, na unaweza kuua. Hospitalini tunazo dawa za kutuliza, tunampa maji ya mishipa anapoyahitaji na vitamini B1, ambayo walevi wengi wamepungukiwa nayo na ambayo ikikosekana ubongo huharibika. Mgonjwa akishaletwa kwetu, tuambieni ukweli: anakunywa nini, kiasi gani, na mara ya mwisho ilikuwa saa ngapi. Kama ni pombe ya kienyeji iliyokolezwa, semeni. Uongo wa kulinda heshima siku hiyo unaweza kumnyima dawa.

Na mke je? Mke afanye nini kabla siku hiyo haijafika?

Hatuna dawa ya kumwekea katika chai, na anayewauzia unga wa namna hiyo anawaibia. Kumwaga chupa hakusaidii, atanunua nyingine kwa fedha ya unga. Kugombana naye usiku akiwa amelewa ni kugombana na chupa yenyewe, kesho hakumbuki, na wewe ndiye utakayebaki na uvimbe. Neno lisemwe asubuhi, akiwa na akili zake, watoto wakiwa wameondoka, tena kwa habari za wazi zisizo na matusi: jana ulifanya hivi, mtoto wako aliona, mimi niliogopa. Kisha ache kumfunika. Hili ndilo gumu kuliko yote, na tunajua tunaloomba. Asipige simu ya malaria. Asilipe deni la kilabu. Asimtoe kwenye kochi usiku ili jirani asimwone, ila tu amlaze ubavu ili asipaliwe na matapishi, kwa maana kutomfunika si kumwacha afe.

Kuacha kumfunika kuna mpaka wake vilevile. Pale ambapo kuna kupigwa, wewe au watoto, habari ya subira imekwisha. Toka kwanza, mahali penye usalama, mengine yatazungumzwa ukiwa huko. Shemeji wakisema unaivunja nyumba, waulize waje walale humo wao.

Yapo pia makundi ya familia za walevi, yanayoitwa Al-Anon, yaliyoanzishwa mwaka 1951 na wake wa wale waliokuwa wanahudhuria mikutano ya kuacha pombe. Makundi ya AA yapo Afrika Mashariki pia, hasa mijini. Kama hapo ulipo hakuna, tafuta mwenzako mmoja mwenye kuelewa na kutunza siri, mkae jioni moja kwa juma. Mke wa mlevi naye huugua: halali, hali, anasikiliza mlango tu. Tunampima presha, tunaikuta juu, tunamwandikia vidonge. Vidonge havisikii mlango.

Hatutaki kumdanganya mtu kwamba pombe ikiondoka kila kitu kinarudi. Ndoa ya kwanza ya Adams ilivunjika, pamoja na kwamba aliacha. Miaka iliyoliwa ilikuwa imeliwa. Alioa tena mwaka 2004, na ajabu ya dunia, mke wake anatoka katika ukoo wa watu waliopata jina kwa kutengeneza wiski! Katika zile jioni zilizokuwa za baa alijifunza kupiga piano na kusoma vitabu. Tunapenda sana habari hiyo ya piano. Wengi hawafikirii kwamba mtu akiacha pombe anabaki na saa nne au tano kila jioni ambazo hajui azifanyie nini, na humo ndimo anapoteleza. Mume akiacha, mtafutieni kazi ya jioni: bustani, kuku, kwaya, useremala, hata kumfundisha mtoto hesabu.

Tarehe 3 Mei 1998 Arsenal ilicheza na Everton nyumbani. Ushindi ungeipa ubingwa. Mechi ilikuwa karibu kwisha, mabao matatu kwa bila, nahodha alipopanda mbele, jambo ambalo beki wa kati hafanyi mara nyingi, akapokea pasi kutoka kwa beki mwenzake Steve Bould, akapiga kwa mguu wa kushoto, bao la nne. Alisimama amefungua mikono, hakukimbia. Alikuwa na miaka 31, na karibu miezi 21 bila pombe. Siku chache baadaye akanyanyua pia Kombe la F.A. Akina mama ambao waume zao wanazo kanda za mechi zile, mwombeni awaonyeshe bao hilo, nasi tunadhani mtapata nafasi ya kuzungumza baada yake.

Mwaka huohuo alitoa kitabu cha maisha yake, ambacho jina lake maana yake ni mtu aliyenaswa na uraibu. Mwaka 2000 alianzisha Sporting Chance, shirika linalowatibu wanamichezo walionaswa na pombe, dawa za kulevya na kamari, na hata wale wenye huzuni na mfadhaiko. Alipostaafu mwezi wa Agosti 2002 alikuwa amecheza mechi zaidi ya 660 za Arsenal na 66 za taifa, na alikuwa ametoka kunyanyua ligi na Kombe la F.A. tena mwaka huohuo. Desemba 2011 sanamu yake ilisimamishwa nje ya uwanja wa timu, imefungua mikono vilevile kama siku ya Everton.

Ukocha haukumpenda. Wycombe waliteremka daraja akiwa kocha wao, Portsmouth wakamwachisha kazi baada ya miezi michache mwaka 2009, kisha akaenda Gabala, nchini Azerbaijan. Aprili 2017 alichukua Granada ya Hispania ikiwa imebakiwa na mechi saba. Alipoteza zote saba. Timu ikateremka daraja. Magazeti yalimcheka tena kama yale ya mwaka 1989, naye akarudi nyumbani kwa mke na watoto. Mwaka huo alitoa kitabu chake cha pili, alichokiita kwa neno moja la Kiingereza lenye maana ya mtu asiyelewa. Ulikuwa mwaka wa 21 tangu ile Ijumaa ya Agosti.